Mfaransa wa karafuu: nilivyomfuata Pierre Poivre kwenye faili za mfalme

Ukiuliza hapa Pwani nani alileta karafuu Unguja, wengi watakutajia Seyyid Said. Wajuao zaidi watasema hapana, ni Saleh bin Haramil al-Abri, Mwarabu aliyezitoa kwenye visiwa vya Wafaransa miaka ya 1810 akazipanda Mtoni na Kizimbani. Uliza sasa Wafaransa nao walizipata wapi, maana karafuu asili yake ni Maluku, huko Indonesia ya leo. Hapo mazungumzo hukatika na watu huagiza kahawa nyingine.

Jibu liko kwenye nyaraka za serikali ya Ufaransa, na jina linalojirudia humo ni la Pierre Poivre. Poivre kwa Kifaransa ni pilipili manga. Sikutunga mimi, ndivyo alivyozaliwa.

Nimemfuata bwana huyu kwa muda sasa, usiku usiku, kwa simu na kompyuta. Sijakanyaga Ufaransa. Makavazi yao ya makoloni yako mji wa Aix-en-Provence, na sehemu kubwa ya mafaili ya wafanyakazi wa zamani wa makoloni yamepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Yeyote anayetafuta babu yake aliyekuwa karani, askari au gavana wa mfalme anaweza kuingia bure na kutafuta kwa jina. Juu ya hayo kuna mtafiti mmoja wa Kifaransa aliyejitolea kunakili barua nyingi sana za Poivre na za watu wake na kuzitundika zisomwe. Kifaransa changu ni cha kubahatisha, lakini kwa kamusi na subira mtu hufika.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba mtu aliyefanya kazi kwa mabwana wanne ana maisha yaliyotapakaa mahali panne. Ujana wa Poivre uko kwa mapadri wa Missions Étrangères jijini Paris. Miaka yake ya biashara iko kwenye karatasi za Kampuni ya India ya Ufaransa, ambazo nyingi zilibaki bandarini Lorient. Utawala wake uko Aix. Mambo yake ya mimea yako kwenye maktaba ya Makumbusho ya Historia ya Asili, Paris. Ukisoma rundo moja tu unapata mtu nusu.

Alizaliwa Lyon mwaka 1719, mtoto wa familia ya wafanyabiashara. Mapadri walimsomesha, wakamtuma Uchina mwanzoni mwa miaka ya 1740 akajifunze lugha ili baadaye awe padri wa misheni. Alikaa Canton, akafika pia Cochinchine, ambayo leo ni sehemu ya Vietnam. Mwaka 1745 merikebu aliyopanda kurudi ilishambuliwa na Waingereza karibu na kisiwa cha Bangka. Risasi ya mzinga ikampiga mkono wa kulia, na mkono ukakatwa. Alikuwa na miaka 25. Kwa kanuni za Kanisa la wakati ule, asiye na mkono wa kulia hakuweza kuongoza misa, kwa hiyo upadri uliishia pale. Sahihi zote anazoweka baada ya hapo, na ni nyingi mno, ni za mkono wa kushoto.

Waingereza walimshusha Batavia, Jakarta ya sasa, makao makuu ya Waholanzi. Alikaa huko miezi michache akipona, na macho yake hayakulala. Waholanzi walikuwa wameshika biashara ya karafuu na kungumanga ya dunia nzima. Ili bei isishuke, waliruhusu mikarafuu iote Ambon na jirani zake tu, na kwingineko Maluku walituma watu kuikata. Aliyekamatwa akitorosha miche au mbegu aliweza kupoteza maisha. Poivre akaona kwamba kumbe yote hiyo ni miti tu, na mti unapandika.

Basi kutoka hapo maisha yake yana shabaha moja. Aliporudi Ufaransa aliishawishi Kampuni, nayo ikamtuma tena mashariki mwaka 1749. Akaenda Cochinchine kufungua biashara, mambo hayakwenda. Akahamia Manila. Mwishoni mwa 1753 alitua Isle de France, kisiwa tunachokiita Morisi, na miche mitano ya kungumanga. Akatoka tena, akazunguka hadi Timor kwa merikebu ndogo iliyochoka, akarudi 1755 na miche mingine michache. Yote ikafa.

Hapa ndipo niliposimama sana, kwa sababu hapa ndipo faili inapogombana na hadithi. Kitabu cha kwanza cha maisha yake kiliandikwa na rafiki yake, Du Pont de Nemours, mwaka ule ule aliokufa. Du Pont huyu baadaye, mwaka 1795, alimuoa mjane wa Poivre. Si vibaya, lakini msomaji ajue ni nani anayesimulia. Kwa masimulizi ya upande huo, miche iliuawa kwa husuda na mtaalamu wa mimea wa Kampuni pale kisiwani, Fusée-Aublet. Lakini Aublet naye ana upande wake, na aliuchapisha mwaka 1775: kwamba Poivre hakuleta kungumanga ya kweli hata kidogo. Wote wawili walikuwa waajiriwa wa Kampuni moja iliyokuwa ikiendeshwa na wakurugenzi wasioelewana, na kila mmoja alikuwa na bwana wake wa kumlinda Paris. Mimi nikisoma naona ugomvi wa ofisini, wa aina tunayoijua vizuri, ambao bahati mbaya yake ni kwamba mashahidi walikuwa mimea iliyokwisha kukauka.

Alirudi kwao mikono mitupu, na njiani akakamatwa na Waingereza kwa mara nyingine. Akatulia kwenye shamba lake karibu na Lyon karibu miaka kumi. Angekufa pale, leo asingejulikana.

Kilichomfufua ni kufilisika kwa Kampuni. Vita vya Miaka Saba viliimaliza, na mfalme Louis XV akavichukua visiwa vya Isle de France na Bourbon (Réunion ya leo) viwe chini ya serikali yake moja kwa moja. Wizara ya majini ilihitaji mtu anayeijua Bahari ya Hindi. Wakamtafuta Poivre. Alikuwa na miaka 47, ndiyo kwanza ameoa binti wa miaka 17, Françoise Robin. Wakafunga mizigo pamoja, wakafika Port-Louis Julai 1767.

Cheo chake kinahitaji maelezo, maana kwetu hatuna chenye kufanana nacho sawasawa. Visiwa vilikuwa na wakubwa wawili. Gavana alishika jeshi na usalama. Intendant, ndiye Poivre, alishika fedha, maghala, ardhi, polisi, mahakama na hospitali. Fikiria gavana wa kaunti na kamishna waliopewa ofisi moja, kila mmoja akiandika barua zake kwa Waziri bila kumwonyesha mwenzake. Na ndivyo ilivyokuwa. Gavana wa kwanza, Dumas, aligombana naye hadi akaitwa nyumbani kabla ya miaka miwili kwisha. Aliyemfuata, Desroches, akagombana naye pia. Leo barua za pande zote zimelala pamoja Aix kwenye mafurushi ya mawasiliano ya Isle de France, shitaka na jibu lake bega kwa bega.

Kitu kimoja kinachomsaidia mtafutaji ni bahari yenyewe. Barua ilichukua miezi mingi kufika Versailles, na merikebu zilizama au kutekwa. Kwa hiyo makarani walinakili barua moja mara mbili au tatu, kila nakala ikapanda chombo chake. Ndiyo maana utakuta barua ileile zaidi ya mara moja kwenye rundo, na ndiyo maana nyingi zimetufikia.

Kazi alifanya, lazima niseme. Chini yake kisiwa kilipata mtambo wa kwanza wa kuchapa. Mwaka 1769 ilitoka kanuni ya misitu iliyotaka kila mwenye shamba abakize robo ya ardhi yake ikiwa na miti, na msitu wa kandokando ya maji usiguswe. Poivre aliamini kwamba ukikata miti yote mvua inapungua. Mwaka 1769! Sisi bado tunabishana kuhusu mikoko.

Lakini karafuu ndizo zilizomtoa kwao. Mwenyewe hakwenda tena, alikuwa mtu wa meza sasa. Alimtuma Provost, karani wa zamani wa Kampuni aliyesema Kimalei, pamoja na merikebu mbili, Vigilant na Étoile du Matin. Provost na Luteni d'Etchevéry walizunguka visiwa vya mashariki mwa Maluku hadi Gebe na Patani, mahali ambako mkono wa Waholanzi haukufika vizuri. Watemi wa huko walikuwa na hasira zao na Waholanzi, na watu wao ndio waliowaletea Wafaransa miche na mbegu. Juni 1770 msafara ulirudi Port-Louis na mamia ya miche ya kungumanga na miche takriban 70 ya mikarafuu. Safari hii Poivre hakutaka kusikia tena habari za kungumanga bandia. Aliita mashahidi, akamwita mtaalamu wa mimea Philibert Commerson akague na kuandika cheti. Cheti kipo. Msafara wa pili uliondoka 1771 ukarudi Juni 1772 na shehena kubwa zaidi.

Miche iligawanywa. Mingine ilipelekwa Ushelisheli, mingine Bourbon, na iliyobaki ikatunzwa Mon Plaisir, Pamplemousses, shamba alilokuwa amelinunua Poivre kwa fedha zake. Alipoondoka Oktoba 1772, kwa maombi yake mwenyewe, aliliuza kwa mfalme. Nimesoma habari za mauzo hayo zaidi ya mara moja na bado sijui nicheke au nigune. Ofisa anayeshika fedha za serikali anaiuzia serikali bustani yenye mali ya siri ya serikali. Wenzangu wa Mombasa wataelewa kwa nini niliguna.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Alipofika kisiwani mwaka 1767, kilikuwa na watumwa karibu 15,000 kwenye watu wasiofika 19,000. Poivre hakuwa mtu wa kulifumbia macho jambo hilo. Agosti mwaka huo alisimama mbele ya baraza kuu la kisiwa akalaani utumwa kama jambo linaloharibu mtumwa na bwana pamoja. Katika kitabu chake kilichotoka 1768 alieleza kwamba sukari ya Cochinchine, inayolimwa na watu huru, ni rahisi kuliko ya visiwa vya watumwa. Wapinga utumwa wa Ulaya walikishika kitabu hicho kwa mikono miwili. Haya yote ni kweli, na Wafaransa wanaomheshimu huyataja kwanza.

Ila intendant huyo huyo ndiye aliyekuwa na dhamana ya watumwa wa mfalme: chakula chao, nguo zao, kazi zao bandarini na barabarani. Mwaka 1769 biashara ya bahari hii ilifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, na merikebu zikaongezeka kwenda Madagaska na pwani ya Msumbiji kuchukua watu. Miche iliyomletea sifa ilimwagiliwa na watumwa. Mhandisi mmoja kijana aliyekaribishwa mara nyingi nyumbani kwa Poivre, Bernardin de Saint-Pierre, alichapisha mwaka 1773 alivyowaona watumwa wa kisiwa wakipigwa na kuteswa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mezani pale hapakujulikana.

Na tazama tarehe. Mwaka 1776 mikarafuu ya Pamplemousses ilitoa mavuno yake ya kwanza, madogo, chini ya uangalizi wa Jean-Nicolas Céré. Mwaka huo huo, tarehe 14 Septemba, Mfaransa mwingine, Jean-Vincent Morice, alipata mkataba kwa Sultani Hassan bin Ibrahim wa Kilwa. Mkataba ulimpa haki ya kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 kila kichwa, na piasta 2 juu yake kwa Sultani. Poivre alikuwa ameshaondoka miaka minne, hana mkono katika mkataba ule. Lakini kisiwa alichokipanga, bandari aliyoijazia maghala na mashamba aliyoyahimiza ndivyo vilivyokuwa vikiwataka watu hao. Karafuu iliingia kwenye bahari yetu kupitia mlango ambao watu wetu walikuwa wakitolewa.

Iliyobaki ya njia ya karafuu ni fupi. Bourbon, mkulima Joseph Hubert alipewa mche mwaka 1772 akaulea Saint-Benoît hadi ukazaa, na uzao wake ukasambaa kisiwani. Kutoka visiwa hivyo ndiko Saleh bin Haramil alikozitoa. Seyyid Said baadaye alimnyang'anya mashamba, akawaamuru wenye ardhi Unguja na Pemba kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Miti mingi hivyo ilitaka mikono, na mikono ikaletwa kutoka bara kupitia Kilwa ile ile, safari hii bila kuvuka kwenda Morisi. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mashamba mengi ya Unguja, ndipo Pemba ikashika usukani wa karafuu hadi leo.

Poivre hakuyaona hayo. Alirudi Lyon, akakaa miaka kadhaa akingoja serikali imkumbuke, hadi Turgot alipokuwa waziri wa fedha akapewa pensheni ya livre 12,000 kwa mwaka. Alikufa Lyon tarehe 6 Januari 1786. Mjane wake alimwona Du Pont akihamia Marekani na wanawe, ambako mmoja wao, Éleuthère Irénée, alianzisha mwaka 1802 kiwanda cha baruti kilichozaa kampuni ya kemikali mnayoijua. Hiyo ni hadithi nyingine na sitaigusa.

Kwa hiyo nina Poivre kamili. Najua mwaka aliopoteza mkono, nani aliyemchukia ofisini, pensheni yake, hata bei iliyobishaniwa ya shamba lake. Mtu wa Lyon aliyekufa zaidi ya miaka 200 iliyopita nimempata kutoka chumbani kwangu, kwa gharama ya bando.

Nikajaribu upande wa pili. Waingereza walipokitwaa kisiwa mwaka 1810, baadaye waliamuru watumwa wote waandikwe, na daftari hizo ziko makavazi ya taifa ya Uingereza, Kew, jijini London. Humo kuna jina, nalo ni la Kifaransa, alilopewa mtu na bwana wake. Kuna umri, wa kukisia. Kuna jina la bwana. Na kuna safu ya asili, ambamo karani ameandika Msumbiji. Aliyetoka Kilwa ni Msumbiji. Mmakua ni Msumbiji. Myao ni Msumbiji, na Mngindo pia. Ukurasa baada ya ukurasa, neno lile lile, kwa mwandiko mzuri wa kulala.

Kwa msomaji wa Kilwa, Lindi au hapa Mombasa ambaye kwao husimuliwa habari za ndugu waliopakiwa wakaenda Bukini au Morisi wasirudi, mahali pa kuanzia ni daftari hizo. Usitafute jina alilokuwa nalo, hutalikuta. Tafuta bandari, mwaka wa chombo kuingia, na jina la aliyenunua, kwa sababu wanunuzi wana mafaili.